Schengen si viza tu: Funzo la basi na njia ya miguu

Kwa mfanyabiashara wa Busia, Namanga au Rusumo, neno Schengen lina maana moja: viza. Ni kibandiko kwenye pasipoti kinachotafutwa kwa foleni, picha, taarifa za benki na dua. Wachache wanajua kwamba Schengen ni kijiji. Ni kijiji cha wakulima wa zabibu kusini mashariki mwa Luxembourg, kando ya mto Moselle, mahali zinapokutana Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa. Na wachache zaidi wanajua kwamba mtu aliyeko Luxembourg anaweza kwenda huko kwa basi bila kulipa nauli, akateremka, akakaza kamba za viatu, akapanda kilima katikati ya mizabibu na kuingia Ufaransa kwa miguu yake pasipo kukuta kizuizi cha mpakani.

Jambo hilo linaonekana dogo, tena la watu wenye nafasi ya kutembea kwa starehe. Lakini ndani yake kuna funzo kwa kila anayeishi kwa kuvuka mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki imejenga vituo vya pamoja vya huduma mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, cha Namanga Desemba mwaka huohuo. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, vituo hivyo vimejengwa kwa kipimo cha lori: uwanja wa maegesho, mizani, mashine za kukagua makontena. Vilima vya Moselle vinaonyesha kipimo cha pili, cha mtu anayepanda basi na kutembea. Mpaka hauwezi kuitwa huru ikiwa lori linapita kwa saa chache huku mama mwenye kapu la nyanya akivuka kwa kujificha.

Kwanza mahali penyewe. Luxembourg ni nchi ndogo yenye watu wasiofika 700,000. Mashamba yake ya mizabibu yamejipanga upande mmoja tu wa nchi, kando ya Moselle, kutoka Schengen kusini hadi Wasserbillig kaskazini, mwendo wa takriban kilomita 40. Vilima vyake si virefu. Vinapanda na kushuka taratibu kimoja baada ya kingine, na miteremko inayotazama mto imepandwa mizabibu kwa mistari iliyonyooka. Juu kuna misitu na mashamba ya nafaka. Chini kuna vijiji vya Remerschen, Ehnen, Wormeldange na Ahn, pamoja na miji ya Remich na Grevenmacher. Ng'ambo ni Ujerumani, nako kuna mizabibu vilevile. Mto wenyewe, pale unapozitenganisha nchi hizo mbili, hauna mstari katikati. Tangu mkataba wa 1816, maji yake ni mali ya pande zote mbili kwa pamoja.

Basi ndilo lililofungua vilima hivyo kwa kila mtu. Tarehe 29 Februari 2020, Luxembourg ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuondoa nauli katika usafiri wa umma nchi nzima: mabasi, treni na tramu. Kinacholipiwa ni daraja la kwanza la treni tu. Kabla ya hapo tiketi ya saa mbili iligharimu euro 2, na mapato ya nauli yalikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya gharama ya kuendesha usafiri huo. Zilizobaki zilikuwa zikitoka kwenye kodi tangu zamani. Serikali iliamua kuimalizia sehemu iliyobaki. Mwananchi na mgeni wanapanda sawa, na hakuna anayeombwa tiketi. Kutoka mji mkuu mtu huchukua basi hadi Remich, kisha jingine linalofuata mto hadi Remerschen na Schengen. Anayetaka kuanzia kaskazini hupanda treni hadi Wasserbillig. Akivuka daraja la Schengen kwa miguu anaingia Perl, upande wa Ujerumani, kwenye kituo cha reli cha kuelekea Trier. Hapo nauli za Ujerumani zinaanza, lakini safari haikatiki.

Kutoka vituo hivyo vya mabasi ndipo njia za miguu zinapoanzia. Mojawapo inaitwa kwa Kijerumani Schengen grenzenlos, yaani Schengen isiyo na mipaka. Ni mzunguko wa kama kilomita 8. Inapanda kilima cha Stromberg, ambako zamani walichimba jasi, inapita kwenye hifadhi ya mimea, inaingia Ufaransa na kurudi ilikoanzia. Perl ndiko inakoanzia njia ndefu ya Moselsteig, iliyofunguliwa 2014. Ina urefu wa kilomita 365 hadi Koblenz na imegawanywa katika hatua 24, kila hatua safari ya siku moja. Kule Ahn kuna njia ya Palmberg, ambako miti midogo ya boksi inaota yenyewe na maua ya okidi huchanua majira ya kuchipua. Wormeldange ina kilima cha Koeppchen chenye kanisa dogo la Mtakatifu Donatus juu yake, ambaye wakulima walimwomba awakinge na radi na mvua ya mawe.

Njia hizi hazikugharimu pesa za kujenga barabara kuu. Nyingi zilikuwa vijia vya wakulima kwenda mashambani. Kilichoongezwa ni vibao, alama za rangi kwenye miti na mawe, benchi hapa na pale, ramani inayosema umbali na mahali pa kupata basi la kurudi, na watu wa kufyeka majani. Kwa kazi hiyo, kijia kilichokuwa cha mkulima mmoja kimekuwa njia ya biashara ya kijiji kizima.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapaswa kutega sikio. Mtu anayepita na gari hupiga picha moja na kuondoka. Anayetembea hupata njaa na kiu. Atanunua mkate, supu na kahawa, atalala, ataingia kwenye ghala la mkulima kuonja. Na katika nchi ya mvinyo, basi lina faida nyingine iliyo wazi: mwenye gari hawezi kuonja glasi tatu na kurudi nyumbani salama, abiria wa basi anaweza. Asiyekunywa kileo naye ana maji ya zabibu, matunda, jibini na mandhari. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mithali hiyo inafanya kazi Moselle kama inavyofanya kazi Mombasa. Tofauti ni kwamba huko mwenyeji ni wa nchi tatu kwa siku moja. Mtembezi aliyelala Perl anaweza kula chakula cha mchana Schengen na kununua chupa upande wa Ufaransa, na pande zote tatu zikapata kitu bila kumnyang'anya mwenzake.

Haikuwa hivyo siku zote, na haikuanza kwa hotuba za wakubwa. Mwanzoni mwa 1984 madereva wa malori walichoka kusubiri kwenye mipaka ya Ufaransa na majirani zake, ambako maofisa wa forodha walikuwa kwenye mgomo baridi. Wakafunga barabara kwa malori yao. Mnamo Julai mwaka huohuo Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikatia saini makubaliano mjini Saarbrücken ya kupunguza ukaguzi. Tarehe 14 Juni 1985, nchi tano – hizo mbili pamoja na Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg – zikasaini mkataba ndani ya meli iitwayo Princesse Marie-Astrid, ikiwa imetia nanga Schengen. Waliosaini hawakuwa marais wala mawaziri wakuu. Walikuwa maofisa wa ngazi ya chini yao, kwa kuwa wakati ule wengi hawakuliona jambo lile kuwa kubwa.

Mkataba ule ulianza kwa hatua ya kawaida kabisa. Dereva wa gari dogo asiye na cha kutangaza forodhani alibandika kwenye kioo cha mbele duara la kijani lenye kipenyo cha sentimita 8. Askari alilitazama gari likipita polepole bila kulisimamisha. Ukaguzi wa mipaka ya ndani ulikuja kuondolewa rasmi tarehe 26 Machi 1995, miaka kumi baadaye. Anayesema Afrika Mashariki inachelewa ana haki ya kukasirika, lakini akumbuke kwamba Ulaya nayo ilianza na kibandiko. Wafanyabiashara nao wakumbuke nani aliyesukuma gurudumu: waliokuwa wakipoteza pesa kwenye foleni.

Wapo wanaodhani kwamba mpaka uliofunguliwa unamaanisha bei zimelingana. Hapana. Petroli na tumbaku vimekuwa rahisi zaidi Luxembourg kuliko kwa majirani zake kwa miaka mingi, na foleni za magari yenye namba za kigeni kwenye vituo vya mafuta ni jambo la kawaida. Zaidi ya watu 200,000 huvuka kila siku ya kazi kutoka Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji kwenda kufanya kazi Luxembourg. Mtu wa Busia anaielewa hali hiyo bila mkalimani: unga ukishuka upande mmoja, miguu huenda huko. Kinachotofautiana ni namna sheria ilivyoandikwa. Ndani ya Umoja wa Ulaya, anayejinunulia vitu kwa matumizi yake anajua kiwango cha mwongozo: sigara 800, mvinyo lita 90, bia lita 110. Akizidisha, anaweza kutakiwa kuthibitisha kwamba si kwa biashara. Kiwango kinajulikana kwa muuzaji, mnunuzi na askari. Asiyevunja sheria hana sababu ya kutoa kitu kidogo.

Afrika Mashariki nayo ina sheria ya namna hiyo. Utaratibu wa biashara uliorahisishwa unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa mpakani bila kutozwa ushuru wa forodha. Sheria ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya kuifikia. Mkulima anayeishi kilomita nyingi kutoka kituo rasmi anatakiwa kulipa nauli ya boda kwenda kituoni, asubiri, avuke, kisha alipe nauli nyingine kurudi sokoni kulikokuwa mkabala na shamba lake. Faida ya debe mbili za maharage haihimili safari hiyo. Basi anapita kwenye kijia walichopita babu zake kabla ya mpaka kuchorwa.

Na kijia hicho kina jina: njia ya panya. Jina lenyewe ni hukumu. Huko Stromberg, kijia kinachotoka nchi moja kwenda nyingine kimepakwa alama, kimechorwa kwenye ramani na kuvutia wageni. Kwenye mipaka mingi ya Afrika Mashariki, kijia cha aina hiyohiyo kinamfanya mwanamke mwenye ndizi kichwani aitwe mlanguzi, apigwe mbio, anyang'anywe mzigo au adaiwe pesa na kila anayejitokeza kwenye kona. Ardhi haikosi pande zote mbili, na miguu ni ileile. Serikali zimechagua kuona kitu tofauti.

Watakaopinga wana hoja tatu, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba Luxembourg ni tajiri, inaweza kugharamia mabasi ya bure. Kweli. Hakuna anayetarajia Kampala au Dodoma kufuta nauli mwakani. Lakini kibao, alama ya rangi na karani mmoja anayefika kwenye kijia siku ya gulio havihitaji utajiri wa Luxembourg. Na basi la mpakani halihitaji kuwa bure. Linahitaji kuwa na ratiba, na lisisimamishwe kila kilomita chache kukaguliwa upya na watu walewale.

Hoja ya pili ni usalama. Silaha, dawa za kulevya na biashara ya binadamu hupita kwenye vijia. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu kijia kinachojulikana ni bora kuliko kisichojulikana. Njia yenye vibao, duka na watu wanaopita mchana kutwa ina macho mengi. Njia inayotumiwa usiku kwa woga haina shahidi.

Ya tatu ni mapato. Mamlaka za kodi zinaogopa kupoteza ushuru. Lakini mzigo unaofaa kwa cheti chepesi hautakiwi kulipa ushuru wa forodha hata ukipita getini. Pesa inayotolewa kichakani haiingii hazina ya nchi yoyote. Inaingia mfukoni mwa mtu. Kuurudisha mzigo mdogo kwenye njia halali ni kuanza kuuhesabu, na serikali haiwezi kupanga kwa kitu isichokihesabu.

Pamoja na hayo, Schengen isichorwe kama pepo. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Ujerumani ilirudisha ukaguzi na kufunga vivuko vidogo vya mpaka wake na Luxembourg hadi katikati ya Mei. Watu waliozoea kuvuka daraja kwenda kazini au kwa ndugu walizungushwa mbali. Septemba 2024 Ujerumani ikarudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu kwa sababu ya uhamiaji, na Luxembourg ikalalamika waziwazi. Kilichosainiwa kinaweza kulegezwa. Lakini hata hapo kuna jambo la kuiga: sheria za Schengen zinaitaka nchi inayorudisha ukaguzi kuwaarifu wenzake, kutoa sababu na kutaja muda. Linganisha na kilichotokea Gatuna, mpaka wa Rwanda na Uganda, uliofungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Au mpaka wa Burundi na Rwanda, uliofungwa tena na Burundi Januari 2024. Waliokuwa na maziwa, samaki na mahindi njiani hawakuambiwa ni siku ngapi. Mtaji mdogo hausubiri miaka mitatu.

Afrika Mashariki haina haja ya kutafuta vilima mbali ili ijaribu. Mlima Elgon umekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda, na kila upande una hifadhi yake ya taifa. Miteremko ya upande wa Uganda, kuzunguka Mbale, Sipi na Kapchorwa, inajulikana kwa kahawa ya arabika. Upande wa Kenya, Bungoma na Trans Nzoia nako kahawa ipo. Magari ya abiria yanafika Sipi kutoka Mbale, na Kitale ni mji wa mabasi ya kila siku. Kati yake kuna kituo cha mpakani cha Suam. Wakenya na Waganda, pamoja na Wanyarwanda, wamekuwa wakisafiri baina ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na mwaka huohuo nchi hizo tatu zilianza kutoa viza moja ya kitalii. Vipande vyote vipo mezani. Kinachobaki ni kuviunga: njia ya matembezi yenye alama inayopita kwenye mashamba ya kahawa pande zote mbili, ramani moja, magari yenye ratiba inayokutana mpakani, na soko dogo ambapo mkulima anauza kahawa iliyokaangwa na mama anauza chakula bila kuulizwa ni wa upande gani.

Njia kama hiyo ingekuwa ya watalii kwa jina tu. Atakayeitumia kila siku ni mchuuzi, mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda zahanati iliyo karibu zaidi ng'ambo, na jamaa wanaokwenda msibani. Mtalii angekuwa sababu ya serikali kuweka kibao. Mwenyeji ndiye angefaidi kibao. Ndivyo ilivyo Moselle, ambako basi linalombeba mgeni mwenye fimbo ya kutembelea ndilo linalombeba mzee anayekwenda dukani.

Kwa hiyo vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vina mambo matatu ya kudai, na viyadai kwa maandishi kwa wabunge wao wa Bunge la Afrika Mashariki na kwa kamati za mipaka. La kwanza, vijia vinavyotumiwa zaidi vitambuliwe rasmi, angalau siku za gulio, na karani apelekwe huko na vyeti vyake. La pili, kiwango cha dola 2,000 na orodha ya bidhaa vibandikwe kwa Kiswahili kwenye kila kituo cha basi cha mpakani, kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali. La tatu, nchi inayofunga mpaka ilazimike kusema sababu na siku ya kuufungua.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkataba mpya. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na inaahidi watu na bidhaa kupita kwa uhuru. Madereva wa malori wa Ulaya walipochoka kusubiri, walisema kwa sauti moja, na ndani ya miezi michache wakasikilizwa. Wachuuzi wa mipakani Afrika Mashariki ni wengi kuliko madereva wale. Wakati wa kusema ni kabla ya msimu ujao wa mavuno, mizigo ikiwa bado shambani.